Barua kwa Mama Neema kuhusu Simba

Moshi, Jumapili jioni

Mama Neema, shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Jana simu ilikuwa inakatakata, na uliyoniuliza, kwa nini mbwa wenu Simba amemuuma dada wa kazi na kama shemeji amuue, si ya kujibiwa kwa dakika tano, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Kwanza dada wa kazi. Nashukuru alipelekwa kituo cha afya siku ileile na ameanza chanjo. Msimamie amalize dozi zote alizopangiwa, hata kidonda kikishafunga. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na hadi asilimia 99 ya wanaoupata huambukizwa na mbwa. Siku nyingine yeyote akiumwa, Mungu apishie mbali, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ndipo mwondoke kwenda hospitali. Mafuta ya taa, vitunguu na majani ya kutafuna acheni kabisa.

Hapohapo ndipo ninapomwomba shemeji asubiri, asimuue Simba. Mbwa aliyeuma mtu, kama anaonekana mzima, hafungiwi mpaka afe wala hapigwi risasi. Anafungiwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Kama mate yake yalikuwa na virusi siku alipouma, ndani ya siku hizo ataugua na kufa, na daktari atajua la kufanya kuhusu dada. Mkimuua leo mnajinyima jibu hilo. Tafuta kadi ya chanjo ya Simba uone tarehe ya mwisho. Na akianza kutokwa na mate mengi, kushindwa kumeza, sauti kubadilika au kung'ata vitu ovyo, asimguse mtu. Mwiteni daktari wa mifugo.

Sasa nije kwenye swali lako: kwa nini Simba, ambaye mmemlea tangu mdogo, amegeuka hivi.

Unasema ilitokea ghafla. Mimi nilivyokusikiliza, sikuona ghafla yoyote. Uliniambia kwamba miezi ya nyuma alikuwa ananguruma mwanao Junior akipita karibu na sahani yake, na shemeji akamchapa Simba fimbo kila aliponguruma, hadi akaacha. Mkafurahi kuwa ameelewa. Kisha siku ya Jumanne dada akainama kuondoa sufuria ambayo Simba hajamaliza, naye akamuuma bila kutoa sauti.

Mama Neema, hicho ndicho kiini cha barua yangu yote. Mbwa hana njia nyingi za kusema "niache". Huanza na ndogondogo: anageuza uso pembeni, anajilamba pua ilhali hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, jicho linaonyesha weupe pembeni. Asiposikilizwa anakakamaa, anaganda juu ya sahani na kichwa chini. Kisha ananguruma. Kisha anaonyesha meno. Kuuma huja mwishoni, yote mengine yakishindikana. Simba alipochapwa kwa kunguruma hakujifunza kupenda watu karibu na chakula chake. Alijifunza kwamba kunguruma kunaleta fimbo. Hofu ya kunyang'anywa ikabaki palepale, pengine ikaongezeka, maana sasa mtu akikaribia sahani huenda pia anakuja kupiga. Kilichoondoka ni onyo tu. Mbwa anayenguruma bado anawapa nafasi ya kurudi nyuma, na mimi naogopa zaidi yule aliyenyamazishwa.

Najua shemeji atasema Simba anataka kuwa bosi wa nyumba. Wengi wanaamini hivyo, na si kosa lao, maana wazo hilo limefundishwa kwa miaka mingi. Mizizi yake ni uchunguzi wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama huko Uswisi, ulioandikwa na Rudolf Schenkel mwaka 1947. Wanyama wale waligombana, ikadhaniwa kila mbwa anaishi akipigania cheo. Baadaye David Mech wa Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa amelieneza wazo hilo, akawachunguza mbwa mwitu wanaoishi huru, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Mwambie shemeji kwamba Simba hagombei kiti chake. Simba anaogopa kunyang'anywa mfupa.

Kuogopa ndiko chanzo cha ukali wa mbwa wengi kuliko watu wanavyodhani, na malezi yetu yanachangia. Mtoto wa mbwa, kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14, ndipo anapozoea dunia. Anachokutana nacho kwa wema wakati huo, watoto, wageni, pikipiki, wanawake wenye kanga, hakimtishi sana ukubwani. Sasa sisi tunamchukua wakati huohuo, tunamtia bandani, anafunguliwa usiku tu, na anayemjua ni mlinzi peke yake. Wengine wanaishi kwenye mnyororo. Utafiti uliofanywa Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994 ulilinganisha mbwa waliouma na wasiouma, ukaona kwamba waliouma walikuwa zaidi madume yasiyohasiwa na mbwa waliofungwa minyororo uani. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia anapotishwa, kwa hiyo anabaki na njia moja.

Hapa dukani kwetu, kwenye dawa za mifugo, bado wanakuja watu kuuliza cha kumpa mbwa awe mkali. Wengine wanasema nyumbani humlisha pilipili. Inaniuma sana kila ninapoyasikia. Pilipili inamchoma tumbo tu, na mbwa mwenye maumivu hachagui kati ya mwizi na mtoto wa nyumbani.

Na maumivu ndiyo ningetaka yaangaliwe kabla ya kitu kingine chochote. Simba si kijana tena. Sikio lenye usaha, jino bovu, nyonga zinazouma, kidonda chini ya ukanda wa shingo, homa ya kupe: lolote kati ya hayo linaweza kumfanya mbwa mpole akatae kuguswa. Siku 10 zikiisha salama, mwombeni daktari wa mifugo aje amkague kuanzia masikio hadi mkia, na mwelezeni kila kitu, hata zile fimbo. Muulizeni pia kuhusu kumhasi. Kuhasi kunapunguza kuzurura na kupigana na madume wenzake, ila hakutaondoa hofu ya sahani.

Nyumbani, kuanzia leo, Simba ale peke yake nyuma ya geti la banda, na asiondolewe chombo mpaka ametoka mwenyewe na geti limefungwa. Junior asiachwe naye peke yake hata kwa dakika ya kufuata maji. Watoto wadogo huumwa zaidi usoni na kichwani kwa sababu ya kimo chao, na mara nyingi na mbwa wanayemjua, wakimkumbatia, wakimshtua usingizini au wakigusa chakula chake. Hilo halina mjadala, hata kama ningempenda Simba namna gani.

Kisha kuna kazi ya polepole, ya mtu mzima tu, na baada ya daktari kuridhia. Simba akiwa anakula ugali wake, wewe unapita mbali, ng'ambo ya geti, mahali ambapo bado ametulia, unamrushia kipande cha nyama kizuri kuliko alichonacho, unaondoka. Usimsemeshe, usimkazie macho. Siku hadi siku ataanza kuinua kichwa kwa furaha akikuona, ndipo unasogea hatua moja. Akikakamaa, umekwenda haraka, rudi nyuma. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi. Lakini inagusa hofu yenyewe, kitu ambacho fimbo haikuweza. Wakati wa kumhudumia, kile kikapu cha kuvalishwa mdomoni kinasaidia, mradi azoeshwe taratibu kwa chakula na aweze kuhema na kunywa maji akiwa amekivaa.

Sitakuficha: kuna mbwa ambao, hata baada ya yote haya, si salama kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka minne. Daktari akisema hivyo kuhusu Simba, nitasimama nawe. Mtafutieni mtu mzima asiye na watoto, anayeelezwa ukweli wote kabla ya kumchukua. Ikishindikana kabisa, basi ni sindano ya daktari, na mtu anayemjua awe pembeni yake. Sumu hapana. Na kumpakia kwenye gari akatupwe mtaa mwingine hapana kabisa, maana huko nako kuna kina Junior.

Nijibu haya mapema: kadi inasema alichanjwa lini, anakula mara ngapi kwa siku, anatetemesha kichwa au kujikuna masikio, na je, anachechemea akiamka asubuhi? Kama chanjo imepitwa, ulizia ofisi ya mifugo ya kata. Karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi huwa kuna kampeni za chanjo, lakini msingoje hadi hapo kama sindano inapatikana sasa.

Msalimie shemeji, umwambie nitampigia mwenyewe Jumatano jioni tuzungumze kabla hajaamua lolote. Mpe pole dada, na Junior umbusu.

Wako,
Mama Baraka