Shangazi, tulale Dimitsana

Shikamoo Shangazi.

Orodha yako ya safari ya milima ya Ugiriki nimeipata. Vituo saba kwa siku moja, kuanza saa kumi na mbili asubuhi, chai kunywewa ndani ya gari! Umestaafu ualimu lakini ratiba ya vipindi haijakutoka. Jibu naliweka hapa hadharani, maana si wewe peke yako. Kila anayejua naishi Athens huniuliza hilohilo: ukiacha visiwa, huko milimani kuna nini?

Kuna Dimitsana. Kijiji hiki kiko Arkadia, katikati ya Peloponnese, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, karibu mita 950 juu ya usawa wa bahari. Nyumba zake za mawe zimekaa kwenye mgongo wa mlima, na chini kabisa unapita mto Lousios ndani ya korongo. Tufanye hapo ndiyo nyumbani, kila asubuhi tutoke kwenda mahali pamoja, pawili tukiwa na nguvu. Ramani itakudanganya, kama ilivyonidanganya mimi mara ya kwanza. Niliona kila kitu kiko jirani, nikajipangia kama ulivyojipangia wewe. Kwenye monasteri nikafika mchana, mlango umefungwa, watawa wamepumzika. Kijiji cha Karytaina nikaingia giza limeshashika, ngome niliyoifuata kutwa nzima nikaiona kama kivuli tu. Hizo barabara ni kona juu ya kona, na mbuzi nao wana haki zao.

Tutaanzia kwenye makumbusho ya nguvu za maji, nje kidogo ya kijiji. Najua neno makumbusho linakuletea usingizi, ila hapa vitu vinafanya kazi. Maji ya chemchemi yanateremka mlimani na kutumikishwa hatua kwa hatua: yanazungusha jiwe la kusagia nafaka, yanashuka, yanakwenda kufanya kazi nyingine. Kuna pipa kubwa la mbao ambamo maji huangukia kwa nguvu na kuzunguka kama kimbunga. Humo walitumbukiza mablanketi na mazulia ya sufu yakafuliwa yenyewe, bila sabuni. Nilimkumbuka bibi na yale mablanketi yake.

Mashine ya baruti ndiyo iliyonishika miguu. Ni michi mizito ya mbao, imepangwa mstari, inanyanyuliwa na maji na kuangushwa, du, du, du, sawasawa na wanawake wanaotwanga kwa zamu. Walichotwanga ni makaa, salfa na shura. Wagiriki walipoinuka dhidi ya utawala wa Waturuki mwaka 1821, baruti yao nyingi ilitoka kwenye vinu vya kijiji hiki. Baruti ilihitaji karatasi ya kufungia risasi, na karatasi zilikuwa maktaba. Dimitsana ilikuwa na shule iliyoanzishwa mwaka 1764 yenye hazina ya vitabu, basi vikachanwa vingi. Wewe uliyekuwa unatuchapa kwa kukunja kona ya ukurasa, sijui utasema nini. Maktaba bado ipo, na vilivyosalia vimo humo.

Ukipanda vichochoro utaonyeshwa nyumba inayohusishwa na Patriaki Gregory wa Tano, mkuu wa Kanisa la Orthodox, mzaliwa wa hapa mwaka 1746. Vita vilipoanza, Waturuki walimnyonga Istanbul siku ya Pasaka, kwenye lango la makao yake mwenyewe. Wenyeji wanalizungumza kama msiba wa mwaka jana.

Siku ya korongo tuiache iwe siku nzima. Monasteri ya Prodromou imebandikwa kwenye mwamba kama kiota cha mbayuwayu, roshani zake za mbao zinaning'inia hewani. Gari tutaliacha juu, tumalizie kwa miguu polepole, goti lako litatupa mwendo. Mgeni hukaribishwa kwa maji baridi na loukoumi, kile kitamu laini kilichonyunyiziwa sukari ya unga. Ng'ambo ya mto kuna monasteri nyingine, Philosophou, ambayo ile ya kale ilijengwa mwaka 963 na sasa ni magofu yaliyojibana chini ya jabali. Kwenda kwa mguu ni kushuka hadi darajani halafu kupanda, zaidi ya saa moja, kwa hiyo tutazunguka na gari. Chini zaidi ni mji wa kale wa Gortys, walipokuwa wakija wagonjwa kwa mungu wao wa tiba, Asklepios. Misingi ya bafu lao la duara inaonekana hadi leo. Na mto wenyewe, wazee wa kale walisema ndimo Zeus, mungu wao mkuu, alimoogeshwa akiwa mchanga. Nilitia mguu mwezi wa tano nikautoa mbio. Maskini mtoto!

Stemnitsa, kijiji cha mafundi fedha, tutapita tunywe kahawa. Hapo ndipo inapoanzia njia ya miguu ya Menalon, kilomita 75, ambayo mimi na wewe tutaitazama tu kwenye kibao. Karytaina twende alasiri, kabla ya jua kuzama. Ngome ya Wafaranki, wapiganaji wa Ulaya Magharibi, ya karne ya 13 juu ya jabali, na bondeni daraja la kale lenye kanisa dogo lililochomekwa kwenye nguzo yake. Zamani picha ya Karytaina ilikuwa kwenye noti ya drakma 5,000, fedha ya Ugiriki kabla ya euro.

Hekalu la kale la Bassae ulilolipigia mistari miwili ni mbali, na tangu 1987 limo ndani ya hema kubwa la kulikinga na hali ya hewa. Nguzo utaziona, ila nakshi za ukutani ziko London. Mimi ningelifuta. Ukishikilia, basi siku ya nne.

Asali tutanunua kijiji cha Vytina. Nyuki wa huko hawaitoi kwenye maua, wanakusanya utomvu mtamu unaoachwa na wadudu kwenye miti ya fir, jamaa ya misonobari, na haigandi kirahisi. Usiwaambie watu wa Tabora.

Mabasi ya kufika kijijini ni machache, gari nitakodi mimi. Wewe lete sweta na viatu vya kufunga. Na kanga mbili ziweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku: rafiki yangu alikwenda Prodromou na suruali, akapewa sketi iliyotundikwa mlangoni, ikamfika magotini.