"Kuanzia leo msimlaze": tunachokitazama kabla ya kukubali

Ombi hili hutufikia asubuhi mlangoni mwa kituo chetu cha kulelea watoto, mzazi akiwa na haraka, mguu mmoja ndani na mwingine nje: "Dada, kuanzia leo naomba msimlaze mchana. Usiku ananitesa, saa nne bado anaruka kitandani." Mtoto anayesemwa mara nyingi ana miaka miwili na kitu. Tunamwelewa mzazi, maana anayekesha ni yeye, sisi tumelala majumbani kwetu. Hata hivyo hatumjibu ndiyo wala hapana. Tunamwambia, "Mama, tupe wiki mbili," na wapo wanaoondoka wakiamini tunatetea saa yetu ya kupumzika. Tukiri tu kwamba ukimya wa saa saba mchana tunaupenda, na nani asiyeupenda? Ila sababu ya zile wiki mbili ni nyingine.

Mtoto wa miaka miwili anaweza kukataa kulala huku usingizi anauhitaji. Ni umri ambao amegundua neno "sitaki" na analijaribu kwenye kila kitu: viatu, kunawa, kuvaa, kulala. Anajua pia kwamba akifumba macho wenzake wanaweza kuendelea kucheza bila yeye. Kwa hiyo anaweza kugoma siku nane, hata kumi mfululizo, nasi tukaanza kuamini kwamba mambo yamekwisha, kisha siku ya kumi na moja akalala fofofo kana kwamba hakuna kilichotokea. Mzazi aliyeamua siku ya tano kwamba mwanawe ameacha kulala mchana amesoma nusu ya habari.

Sisi wenyewe tulishaingia kwenye mtego huo. Tulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi minne. Kila mchana, kabla ya kusinzia, anajilaza chali kwenye godoro, miguu ameiegemeza ukutani, anaimba, anachomoa nyuzi za shuka moja moja na kuwaita walezi wote kwa majina. Nyumbani wakaomba asilazwe, tukakubali siku hiyohiyo. Siku tatu za kwanza zilikuwa raha tupu: usiku saa mbili kamili kalala, mama anatushukuru. Siku ya nne, saa kumi jioni, tulimkuta ameketi sakafuni, kiatu mkononi, analia kwa uchungu kwa sababu kiatu cha kulia kimekataa kuwa cha kushoto. Hakubembelezeka. Siku ya tano alisinzia garini saa kumi na moja jioni, dakika ishirini tu, akashushwa akiwa macho makavu na hakulala tena hadi saa tano usiku. Yaani tulimwondolea saa moja na nusu ya usingizi mzuri, tukampa dakika ishirini mbaya kwa wakati mbaya kuliko wote.

Kinachofanyika mwilini si siri. Muda wote mtu anapokuwa macho, ubongo hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini, na jinsi inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Akilala, inapungua. Kwa mtoto mdogo uzito huo hupanda upesi kuliko kwa mtu mzima, ndiyo maana hawezi kuubeba kuanzia asubuhi hadi usiku bila kuutua mahali. Ubongo ukikomaa, kasi inapungua, na siku moja anaubeba hadi jioni bila shida. Tarehe ya siku hiyo haipangwi na kituo wala mzazi. Akilazimishwa kuubeba mapema, mwili hujitetea kwa kumwaga homoni za kumchangamsha, kotisoli ikiwamo, na hapo ndipo unapomwona saa moja usiku anazunguka meza mbio, anacheka ovyo, anagonga vitu. Mzazi anasema, "Ona, hana hata dalili ya usingizi." Usingizi umempitiliza.

Watoto wengi huacha kulala mchana kati ya miaka mitatu na mitano. Kabla ya kutimiza miaka miwili ni nadra sana, na mara nyingi kinachoonekana kwa mtoto wa miezi 15 hadi 18 ni kuhama kutoka kulala mara mbili kwa siku kwenda mara moja. Huyo usimfutie usingizi wote. Sogeza tu wa asubuhi hadi uungane na wa mchana.

Kabla ya kubadilisha chochote tunamwomba mzazi apige hesabu ya saa 24 nzima badala ya usiku peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 11 hadi 14 kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu hadi minne, usingizi wa mchana ukiwa ndani yake. Sasa chukua mtoto anayelala saa tatu na nusu usiku na kuamka saa moja asubuhi. Hizo ni saa tisa na nusu. Mchana hulala mbili. Jumla kumi na moja na nusu, anaendelea vizuri. Ukizifuta zile mbili, ni lazima awe amelala ifikapo saa moja na nusu usiku, la sivyo anaanza kudaiwa usingizi kila siku. Je, nyumbani kwenu saa moja na nusu inawezekana? Kama mzazi mwenyewe anaingia ndani saa mbili kutoka kazini, tatizo halimalizwi kwa kufuta usingizi wa mchana.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana jioni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst walichapisha mwaka 2013 matokeo ya mchezo wa kukumbuka picha zilipowekwa, uliochezwa na watoto wa shule ya awali. Siku walizolala mchana walikumbuka vizuri zaidi kuliko siku walizowekwa macho, na waliopoteza zaidi ni wale waliozoea kulala kila siku. Usingizi wa usiku uliofuata haukuwarudishia walichopoteza.

Basi katika zile wiki mbili tunatazama nini? Zaidi ya yote, jioni ya siku ambayo hakulala. Akifika saa kumi na mbili bado ni yuleyule, anacheza, anakosea bila kulipuka, anakula vizuri, halafu akalala usiku kwa wakati wake na kuamka mwenyewe asubuhi bila kuvutwa, hiyo ni dalili tunayoiamini. Siku moja ya namna hiyo haitoshi. Tunataka kuiona siku nyingi kuliko zile za kulialia. Dalili ya pili ni godoroni: anakaa macho zaidi ya nusu saa, karibu kila siku, akiwa mtulivu, hachezi na jirani yake. Ya tatu mzazi ndiye huiona: siku aliyolala mchana usingizi wa usiku unachelewa sana, na siku asiyolala unakuja mapema na kwa amani. Wiki aliyougua, mliyohama nyumba au aliyozaliwa mdogo wake hatuihesabu kabisa. Wiki hizo kila mtoto analala hovyo.

Kwa hiyo tunaandika. Upande wetu: saa aliyolazwa, saa aliyosinzia, saa aliyoamka, na hali yake saa kumi na moja. Upande wa nyumbani: saa aliyolala, saa aliyoamka, kama aliamka mwenyewe, na kama alisinzia garini au mgongoni. Hilo la mwisho wazazi wengi hulisahau, na ndilo linaloeleza mambo mengi.

Mara nyingi daftari huonyesha kwamba usingizi ni mrefu mno au umechelewa mno, basi. Hapo tunaupunguza. Tunamlaza mapema, saa sita na nusu, na kumwamsha baada ya saa moja au dakika 45, na kwa vyovyote hatuupitishi saa tisa alasiri. Kuamsha nako kuna namna yake: pazia linafunguliwa kidogo, mkono unawekwa mgongoni, jina linaitwa kwa sauti ya chini, kisha anaachwa akae kidogo kabla ya kuambiwa simama. Aliyeamshwa kwa kelele atatulipa jioni nzima.

Aliye tayari kweli naye haachi kwa siku moja. Kuna miezi ya katikati, leo analala, kesho halali, keshokutwa analala tena, na huo ni mwenendo wa kawaida kabisa. Siku ambayo hakulala tunakutumia ujumbe mchana uleule, ili usiku umlaze mapema kwa nusu saa hadi saa nzima. Na wasiolala bado wanapumzika: mkeka, vitabu vya picha, vipande vya kupanga, dakika 45 hivi, bila skrini na bila mtu kuwaambia walale. Tuna binti mmoja ambaye kila siku hutangaza, "Mimi silali, nafumba macho tu." Dakika kumi baadaye anakoroma.

Tukizungumzia kukoroma: mtoto anayekoroma kwa nguvu usiku mwingi, anayesita kupumua akiwa usingizini, aliyepita miaka mitano na bado hawezi siku bila kulala sana, au aliyekuwa ameshaacha kisha ghafla akarudia kulala mchana kila siku, huyo si wa daftari letu. Mpeleke kwa daktari.

Kitu kimoja hatukifanyi hata tukiombwa vipi: kumzuia kwa nguvu mtoto anayesinzia, kumnawisha maji usoni au kumsimamisha kila akiinama. Akisinzia juu ya kitabu tutampa muda wa chini tuliokubaliana na mzazi, kisha tutamwamsha.

Yule wa kiatu alirudishiwa godoro lake wiki iliyofuata. Aliacha kulala mchana akiwa na miaka mitatu na nusu, na hakuna aliyemwachisha. Tulikuja kugundua tu kwamba safu yake kwenye daftari imekaa tupu wiki tatu mfululizo, na jioni anaondoka akiwa amevaa viatu mwenyewe. Karatasi za wiki mbili zipo mezani, pale mnaposaini kuwachukua watoto.