Risala ya Wanafunzi wa Famasia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Utafiti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi. Kwenye meza ya tatu utaona chupa ya unga wa rangi ya chungwa. Hiyo ni kurkumini, inayotolewa kwenye manjano, na wengi huuliza kama inaondoa makovu ya ini. Risala hii inahusu namna ya kulijibu swali hilo bila kujidanganya.

Ini likiumizwa muda mrefu, iwe kwa homa ya ini B, pombe au mafuta kujaa ndani yake, seli zilizokuwa zikihifadhi vitamini A hugeuka na kuanza kufuma kolajeni. Hilo ndilo kovu. Maabara hulitengeneza kwa kumdunga panya mdogo sumu iitwayo karboni tetrakloridi tumboni: mililita 0.5 kwa kilo ya uzito, ndani ya mafuta ya zeituni, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6.

Sasa, sumu hii haiumizi mpaka kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2E1 kiivunje. Dawa ikitolewa tangu siku ya kwanza, nayo ikazuia kimeng'enya hicho, ini litabaki zima na mtafiti atatangaza tiba ya kovu, kumbe kovu halikuwahi kuwapo. Kwa hiyo dawa ianze baada ya wiki ya 6, sumu ikiwa imesimamishwa. Hata hapo, ini la panya hujirekebisha lenyewe. Liwepo basi kundi linalonyweshwa kiyeyushio kitupu, kisicho na dawa, kwa siku zilezile, na jingine ambalo maini yake huchukuliwa wiki ya 6, kuonesha kovu lilianzia wapi.

Kurkumini yenyewe ni sumbufu. Haiyeyuki majini, hivyo hutiwa kwenye ute wa CMC (kiongeza uzito kitokanacho na selulosi) wa asilimia 0.5 na kutikiswa kabla ya kila dozi. Bila hivyo panya wa kwanza hupata ute na wa mwisho hupata unga. Mwanga huiharibu, na kutoka utumboni huingia kidogo sana kwenye damu. (Vidonge vya manjano vya dukani navyo vimeripotiwa kuumiza ini kwa baadhi ya watu.)

ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zinapoumia, ikishuka, maana yake ni kwamba seli chache zinaumia sasa. Haisemi lolote kuhusu kovu la zamani. Kovu hupimwa kwa haidroksiprolini, asidi ya amino iliyo nyingi kwenye kolajeni, na kwa vipande vya ini vya unene wa mikromita 5 vinavyolowekwa saa 1 kwenye Sirius Red, rangi nyekundu inayoshika kolajeni, yenye asidi ya pikriki. Visuuzwe kwa maji yenye asidi ya asetiki kidogo. Kwa maji ya bomba wekundu huchujuka, na panya mgonjwa akaonekana amepona. Asidi ya pikriki isiachwe ikauke: hulipuka. Anayesoma vipande asijue kipi ni cha kundi gani.

Mheshimiwa, tunaomba darubini yenye vichujio vya polaraizi, ambavyo hufanya kolajeni iliyotiwa rangi hiyo ing'ae, na gharama za kundi la wiki ya 6, maana ndilo hukatwa kwanza bajeti inapopungua.

Tunaomba kuwasilisha.