Zuhura, kabla hujalipa ada

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu Zuhura,

Hapa Amu sote hatujambo, alhamdulillahi. Babako goti limetulia, na bibi yako hakuachi katika dua zake. Ujumbe wako nimeusoma kwa makini, mama. Waniuliza, sasa umeshakuwa nesi wa wodi huko Texas, usomee uzamili wa kutibu magonjwa ya kawaida kama wenzako, au ushike afya ya akili. Na najua shangazi zako wamekwisha kukwambia kwamba hukuvuka bahari ukakae na wendawazimu.

Mimi nasema shika afya ya akili. Lakini nina sharti moja, na ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kupiga simu. Usiende chuo kitakachokupa kalamu ya kuandika dawa kabla ya kukukalisha na wagonjwa waliozidiwa.

Nimeyasoma yote uliyonitumia. Naona masomo matatu hayaepukiki: jinsi maradhi yanavyofanya kazi mwilini, namna ya kumpima mgonjwa kuanzia utosini hadi unyayoni, na elimu ya dawa. Juu yake mnajifunza tiba ya mazungumzo, si chini ya aina mbili. Nimefurahi kwamba shahada hiyo inamtazama mwanadamu tangu utotoni hadi uzeeni. Nimefurahi pia kwamba kazi hii ina mizizi: Hildegard Peplau, nesi kama wewe, ndiye aliyeanzisha mafunzo ya ubingwa wa uuguzi wa akili katika chuo kikuu cha Rutgers, huko huko Marekani, miaka ya 1950. Alishikilia kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa wenyewe ni sehemu ya tiba. Hilo mimi naliamini kabisa.

Kilichonishtua ni saa za mazoezi. ANCC, shirika la Marekani linalowapa manesi cheti cha ubingwa, hutaka saa 500 chini ya msimamizi. Vigezo vya kitaifa vya mwaka 2022 vimepandisha hadi 750. Piga hesabu, mwanangu. Saa 500 kwa siku za saa nane hazifiki hata siku 63. Baada ya hapo unaweza kumwandikia mtoto wa miaka saba dawa ya kubadili hali ya ubongo wake. Hiyo 750 yenyewe mimi naiona chache, tena kama nusu yake umekaa pembeni ukimtazama mtu akijaza fomu kwenye kompyuta.

Nakupa mfano wa lithiamu, kwa sababu ndiyo dawa inayonitia hofu kuliko zote hapa kwetu. Ni dawa njema mno kwa mwenye bipola, maradhi ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Imewarudisha watu kazini na majumbani kwao. Lakini ni chumvi, na figo huishughulikia pamoja na chumvi nyingine za mwili. Mtu akikaukiwa maji, figo huizuia isitoke, nayo hupanda kwenye damu. Sasa fikiri Ramadhani ya Lamu, joto hili, na nahodha aliyefunga anashinda juani hadi magharibi. Kichwa kikimuuma usiku anameza brufeni alizonunua dukani, nazo pia huipandisha. Siku chache baadaye mikono inatetemeka, anatapika, anayumba, ulimi mzito. Nyumbani watasema pepo wamerudi, atafutwe wa kumsomea. Nami sina ugomvi na kumsomea mgonjwa Qur'ani. Humtuliza yeye na humtuliza mamake. Lakini wakati huo anahitaji maji, kupimwa damu na kusimamishiwa dawa upesi, la sivyo figo na ubongo viko hatarini.

Kitabu chako kitakwambia habari za figo. Hakitakufundisha kumuuliza mtu, wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, kama amenuia kufunga, na kuzungumza naye kwa namna itakayomfanya akwambie kweli. Hayo mtu hujifunza kwa kukaa na watu, na mtu mzoefu yuko nyuma yako akikusahihisha.

Na huko nako mtakuwa na ya kwenu. Mgonjwa wa Houston hatakuwa na jahazi, lakini atakuwa na zamu mbili za kazi, hana bima, au anamficha mumewe dawa. Hapa kusi ikivuma kwa nguvu, mgonjwa wa Kizingitini, kisiwani Pate, huenda asifike kwenye sindano yake ya kila mwezi, na ukimwandika kuwa "amekataa dawa" umemdhulumu. Jifunze kuuliza kilichomzuia.

Jambo jingine ni maradhi ya mwili kujifanya ya akili. Nimeona malaria iliyompanda mtu kichwani ikaitwa wazimu, na mzazi aliyetoka kujifungua akaitwa mkorofi ilhali ana homa kali ya uzazi. Kwa hiyo usiruke kile kipimo cha utosini hadi unyayoni kwa sababu mgonjwa amekuja analia au anacheka peke yake. Mwenye skizofrenia, maradhi ya kusikia sauti na kuona yasiyokuwapo, naye huugua kisukari, na dawa zetu nyingine humnenepesha na kumpandishia sukari. Nani atampima kama si wewe?

Kuhusu mamlaka ya kuandika dawa, hilo lisikuumize kichwa sasa. Huko Texas utahitaji makubaliano ya maandishi na daktari. Ukihamia Washington au Oregon utasimama peke yako. Miaka ya mwanzo mimi ningependa uwe na daktari wa kumuuliza, sheria itake isitake.

Wasema ukirudi ungependa kufanya kazi pwani. Kazi ipo, mama. Stashahada ya juu ya uuguzi wa akili tunayo KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ila wenye kuisomea ni wachache. Malindi kuna kliniki ya methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini, kwa vijana walioshikwa na unga, na huko mtu hufika kila siku kumeza dozi yake mbele ya mhudumu. Na tangu Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba, aliyejaribu kujiua si mhalifu tena. Niliposikia habari hiyo nililia. Familia zilikuwa zinaogopa kuwaleta hospitali watoto wao waliokunywa sumu, zikiwaza polisi, na dakika za kuokoa maisha zikapita. Sasa wataletwa, inshallah, na wanahitaji mtu anayejua la kufanya baada ya tumbo kusafishwa.

Basi, kabla hujalipa ada waulize mambo haya. Msimamizi wa mazoezi wananitafutia wao, au nitahangaika kumtafuta mwenyewe? Nitapangiwa zamu katika wodi ya wagonjwa waliozidiwa, au kliniki ya simu tu? Nani atanisikiliza nikifanya tiba ya mazungumzo? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, tafuta chuo kingine, na kwa sasa omba uhamishiwe wodi ya akili hapo hospitalini kwenu, ufanye kazi mwaka mmoja au miwili kwanza. Ada yako ya muhula wa kwanza babako ameshaiweka, haitaharibika ikingoja.

Niandikie watakavyokujibu.

Mamako
Lamu