Mlango ukibamizwa

Tandika, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliposema unakwenda dukani kwa Mangi mara moja, nilijua unafuata sigara. Ulirudi unamung'unya pipi kifua. Mkeo akaniangalia, mimi nikainamia ungo wangu wa mchele.

Miaka yote nimesema ni vijana wa kijiweni waliokuharibu. Niliwafukuza rafiki zako mpaka wakaacha kupita uani kwetu. Niliwaonea. Sigara ulianza ukiwa na miaka 14, mwaka ule marehemu baba yako alipokuwa akirudi usiku na kuupiga mlango teke. Mimi nikipigwa, wewe uko chini ya kitanda umemziba mdogo wako masikio. Asubuhi nakupa chai na andazi, unakwenda shule. Hatukulitaja jambo lile hata siku moja.

Kwenye kikoba chetu yupo mama mmoja muuguzi. Ndiye aliyenieleza kwamba madaktari wa Marekani, mjini San Diego, waliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 habari za utoto wao: nani alipigwa, nani alitukanwa, nani aliishi na mlevi, nani alimwona mama yake akipigwa. Majibu yalitolewa mwaka 1999. Kadiri mtu alivyopitia mengi ya hayo, ndivyo ilivyoelekea zaidi kwamba alianza sigara angali mdogo, na kwamba ukubwani bado anavuta. Nikotini, alisema, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu. Mwenye hofu hupata nafuu kidogo, kisha ikipungua mwili unadai nyingine. Nilishindwa hata kuhesabu hisa zangu siku ile. Nani alimwona mama yake akipigwa! Kumbe hilo nalo huulizwa.

Ramadhani iliyopita nilikutazama vizuri. Mchana kutwa huigusi sigara, na hulalamiki. Usiku mmoja upepo ukabamiza mlango wa uani, nawe ukainuka katikati ya chakula, ukatoka nje kuvuta. Una miaka 31, mwanangu, na bado unaukimbia ule mlango.

Sisemi uendelee kuvuta. Kikohozi chako cha alfajiri nakisikia kupitia ukutani kila mnapolala hapa, na mjukuu wangu wa miezi minne anakilalia kifua hichohicho. Nataka uache. Ila sitakugombeza tena, wala sitasema huna nia. Nilipaswa kukuuliza ulichokuwa ukikisikia chini ya kile kitanda, nikakuuliza nani amekufundisha kuvuta. Nisamehe, baba.

Yule muuguzi yuko tayari kuzungumza nawe juu ya namna ya kuacha, ukitaka. Kabla ya hapo njoo Jumamosi, peke yako. Fundi ameshaweka komeo jipya mlango wa uani, haubamizwi tena. Safari hii nitaanza kusema mimi.

Mama yako