Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Soko Lishindanie Ubora wa Tiba, Lisichague Nani wa Kutibiwa

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Mageuzi ya mfumo wa afya wa taifa

Nakuandikia kabla muswada wa mageuzi haujafika bungeni, kwa sababu ukishafika huko wajumbe watajigawa kambi mbili, moja ikidai afya iachiwe soko na nyingine ikidai serikali ibebe kila kitu, na swali la nani hasa atabeba gharama za mgonjwa asiye na uwezo litasahaulika. Mfumo wowote wa afya una kazi tatu, yaani kukusanya fedha, kununua huduma kwa niaba ya wananchi, na kutibu, na uwezo wa soko hutofautiana sana kutoka kazi moja hadi nyingine.

Hoja ya watetezi wa soko haipaswi kupuuzwa. Wanasema mtu anayechangia gharama kutoka mfukoni mwake hufikiri mara mbili kabla ya kutumia huduma, na kwamba watoa huduma wanaoshindana hujitahidi zaidi. Jaribio kubwa lililofanywa Marekani na taasisi ya utafiti ya RAND, kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, liliipima hoja hiyo kwa kuzigawa familia kwa bahati nasibu, baadhi zikapata matibabu ya bure na nyingine zikatakiwa kuchangia. Waliochangia walitumia huduma chache zaidi, kama ilivyotabiriwa. Lakini walijinyima huduma zenye manufaa karibu kwa kiwango kilekile walichojinyima zile zisizo na manufaa, na kwa maskini wenye shinikizo la damu, waliotibiwa bure ndio ambao hali yao ilidhibitiwa vizuri zaidi. Mchumi Kenneth Arrow alikuwa ameshaeleza chanzo cha tatizo hili mwaka 1963: mgonjwa hajui lini ataugua, hana ujuzi wa kupima anachouziwa, na mara nyingi anayemuuzia ndiye anayemwambia anahitaji nini.

Kwenye bima hali ni nzito zaidi. Kampuni ya bima iliyoachwa huru hupata faida kwa urahisi zaidi ikiwakwepa wagonjwa kuliko ikiwahudumia vizuri, na haihitaji nia mbaya kufanya hivyo, kwa kuwa hesabu zake zenyewe zinaisukuma huko. Marekani ililazimika kutunga sheria mwaka 2010 ili, kuanzia 2014, kampuni zisiweze kumkataa mtu wala kumpandishia mchango kwa sababu ya maradhi aliyokuwa nayo tangu awali, na hadi leo nchi hiyo inatumia zaidi ya asilimia 16 ya pato lake la taifa kwa afya huku mamilioni ya watu wakiwa hawana bima yoyote.

Tutaambiwa kuwa Uswisi na Uholanzi zinatumia kampuni za bima na zimefanikiwa kuwafikia karibu wananchi wote. Ni kweli, lakini inafaa kutazama masharti yake. Uswisi tangu 1996 inamtaka kila mkazi awe na bima, kampuni haziruhusiwi kumkataa yeyote wala kupata faida kwenye kitita cha msingi, yaani huduma za lazima ambazo kila bima hugharimia, na wenye kipato kidogo hupewa ruzuku. Uholanzi tangu 2006 ina mfuko unaohamisha fedha kwenda kwa kampuni zenye wanachama wagonjwa zaidi, ili kumpokea mgonjwa wa kisukari kusiwe hasara. Soko la namna hiyo linasimama juu ya serikali yenye takwimu sahihi, wakaguzi hodari na mkono mzito wa sheria. Anayetuletea kampuni za bima bila masharti hayo anatuletea nusu tu ya mfumo, tena ile nusu isiyowalinda wagonjwa.

Upande wa serikali nao una magonjwa yake, na sipendi yafunikwe. Uingereza ilianzisha huduma yake ya taifa mwaka 1948 ikigharimiwa hasa na kodi, na kufikia 1951 bajeti ilikuwa imebana kiasi kwamba ada ziliwekwa kwenye meno bandia na miwani. Mfumo unaotegemea bajeti ya mwaka hushindana na barabara na ulinzi, na fedha zikipungua mgonjwa haoni ankara, anaona foleni. Kanada, ambayo sheria yake ya 1984 inaikata ruzuku mikoa inayoruhusu madaktari kuwatoza wagonjwa nyongeza, bado inasumbuliwa na kusubiri kwa muda mrefu kuwaona madaktari bingwa.

Mfano ninaoupa uzito zaidi ni Taiwan. Mwaka 1995 iliunganisha mifuko yake ya bima kuwa mmoja wa lazima, ikaacha hospitali na zahanati nyingi mikononi mwa watu binafsi, na mgonjwa akabaki na uhuru wa kuchagua pa kutibiwa. Fedha ziko kwenye chungu kimoja, na ushindani umebaki kati ya watoa huduma, mahali ambapo unaweza kuleta manufaa.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, muswada uweke mfuko mmoja wa lazima ambao michango yake inafuata kipato na haiangalii hali ya afya, na hospitali za umma na za binafsi zilipwe na mfuko huo kwa bei na vigezo vilevile. Muda wa kusubiri katika kila hospitali utangazwe hadharani, kwa kuwa foleni iliyofichwa haina wa kuwajibika. Na kabla ya kusomwa kwa mara ya kwanza, wizara yako ichapishe hesabu inayoonyesha mtu asiye na ajira, mwenye ugonjwa wa figo anayehitaji kusafishwa damu kila wiki, atalipa kiasi gani chini ya kila pendekezo lililoko mezani, na fedha zinazobaki zitatoka wapi.

Wako mtiifu,
Mwananchi na mlipakodi