Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha: Nani Afunge Njia Maji ya Meru Yanaposhuka?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima na taadhima ninakuandikia nikiwa mkazi wa Kata ya Muriet, na nikiwa mtu ambaye riziki yake hutokana na kupanga magari ya kuwapeleka abiria na wageni viwanja vya ndege na hifadhini. Nimekuandikia wewe, wala si mkurugenzi wa halmashauri au meneja wa barabara, kwa sababu jambo ninaloliombea haki haliko ndani ya ofisi moja. Maji yanayotufurikia sisi wa kusini mwa jiji hunyesha kwanza Arumeru, katika halmashauri nyingine. Yakishuka hupita kwenye mitaa ya jiji, hukatiza barabara kuu zilizo chini ya wakala wa barabara, TANROADS, na zile za mijini na vijijini zilizo chini ya wakala mwingine, TARURA, kisha huelekea Mto Kikuletwa na Bwawa la Nyumba ya Mungu yakiwa yameshauacha mkoa wetu. Ofisi zote hizo hukutana mbele ya kamati ya maafa ya mkoa, nayo kamati hiyo ni wewe unayeiongoza.

Ombi langu ni moja. Kila kivuko cha korongo, yaani bonde jembamba lililochimbwa na maji, ambacho hujulikana kuwa hatari wakati wa masika kiwe na mtu anayefahamika kwa jina, aliyepewa mamlaka kwa maandishi ya kukifunga, na habari ya kufungwa kwake iwafikie madereva, walimu na wasafiri kabla hawajafika ukingoni. Mitaro, madaraja na makazi ya mabondeni yamezungumzwa miaka mingi na wenye utaalamu kunizidi. Hili la kufunga njia halihitaji kusubiri mkandarasi.

Naomba nieleze kwanza namna maji yenyewe yanavyokuja, kwa kuwa anayekaa ofisini katikati ya mji anaweza asiione tofauti yake na mafuriko ya miji mingine. Kilele cha Mlima Meru kiko juu ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari, na jiji liko kwenye mita 1,400 hivi, ilhali umbali kati ya viwili hivyo hauzidi kilomita 20. Maji yanayoanguka kwenye mteremko kama huo hayana pa kutulia. Udongo wa volkano nao ni mwepesi kuchimbika, ndiyo maana tuna makorongo mengi kiasi hiki, na ndiyo maana kila masika kuta zake humeguka na kusogea karibu zaidi na nyumba za watu. Themi, Naura, Ngarenaro na Burka ni mito ambayo kila mwenyeji anaijua. Lakini yapo makorongo yasiyo na majina kwenye ramani, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni vijia vya mchanga mkavu ambamo watoto hucheza na vijana huchota mchanga wa kujengea. Hayo ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Jua linaweza kuwa linawaka Muriet na nguo zimeanikwa, huku wingu zito limeukalia mlima. Kisha husikika mngurumo, mtu hupaza sauti kwamba maji yameshuka, na mahali palipopitwa kwa miguu asubuhi hapapitiki tena hata kwa lori.

Hali hiyo imezidi kadiri jiji linavyojengwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 617,631. Watu hao wamejenga mapaa, wamesakafia nyua na wamewekewa lami, mambo ambayo sote tuliyaomba na tunayafurahia. Hata hivyo mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya hekta moja tu iliyosakafiwa huleta lita 500,000 za maji, na maji hayo yasipopata ardhi ya kuyanywa hukimbilia korongo lile lile ambalo zamani lilipokea maji ya mashamba ya kahawa na migomba peke yake.

Mheshimiwa, sihitaji kukukumbusha tarehe 12 Aprili 2024, siku ambayo gari la wanafunzi lilisombwa na maji huku kwetu kusini mwa jiji, watoto wakapoteza maisha pamoja na mtu aliyejitosa kuwaokoa. Siku chache baadaye, tarehe 25 mwezi huo huo, Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kujeruhi 236. Sina nia ya kuyafukua ya waliofiwa, wala kumnyooshea mtu kidole. Ninachotaka kukisema ni kwamba swali la nani angeweza kumwambia dereva yeyote asubuhi kama ile, “Hapa hapapitiki, geuza,” na dereva akalazimika kutii, ni swali ambalo sisi wakazi bado hatujui jibu lake. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kusihi. Mama mwenye genge karibu na daraja anaweza kupiga kelele, na mara nyingi yeye ndiye hupiga. Askari wa usalama barabarani ana mamlaka, lakini hawezi kuwa kwenye kila korongo kwa wakati mmoja.

Hivyo uamuzi humwangukia dereva, na dereva ndiye mtu aliye katika nafasi mbaya kuliko wote ya kuamua. Wa hiace ana hesabu ya tajiri inayomngoja jioni, iwe mvua iwe jua. Wa gari la shule ana watoto ambao wazazi wao wanataka wafike kabla ya kengele. Wa kwangu mimi ana mgeni ambaye ndege haitamsubiri. Nyuma yake kuna honi, na mbele yake amemwona mwenzake akivuka dakika kumi zilizopita. Maji ya korongo ni mekundu kwa tope, kwa hiyo haoni kina wala hajui kama lami iliyo chini bado ipo au imeshaliwa. Wataalamu wa uokoaji hufundisha kwamba maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanatosha kuliondoa gari dogo barabarani, na sentimita 60 zinatosha kwa magari mengi makubwa zaidi, yakiwamo yale ya kitalii ambayo madereva wake huamini yanapita popote. Sentimita 30 ni chini ya goti la mtu mzima. Ni nani kati yetu anayeyaona maji ya chini ya goti kuwa kifo?

Utabiri tunao, na ni haki kuwashukuru wanaoutoa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na mara nyingi tangazo hutaja nyanda za juu kaskazini mashariki, yaani mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Lakini eneo hilo linaanzia Loliondo na kuishia milima ya Upare. Tangazo la namna hiyo humfanya mtu abebe mwavuli. Halimwambii kama aondoke nyumbani kupitia Sombetini au apitie Njiro. Kati ya tangazo la kitaifa na korongo la mtaani pana pengo, na pengo hilo linaweza kuzibwa na watu walioko hapa hapa mkoani.

Ninavyoona mimi, kazi ingeanzia juu. Watendaji wa vijiji vya Arumeru vilivyo kwenye mteremko huyaona maji kabla yetu, na simu moja kwa mtendaji wa mtaa ulioko chini inaweza kutupatia muda wa kutosha kuzuia magari. Chini, kila kivuko kiwe na nguzo iliyopakwa rangi na kuandikwa vipimo, ili hata usiku kwa mwanga wa taa dereva aone kina. Na kiwe na kizuizi, hata kikiwa bomba la chuma lenye kufuli, ambacho mtu aliyeteuliwa hukiteremsha maji yakifika alama nyekundu. Mtu huyo asiwe wa kuomba ruhusa kwanza. Akifunga kwa kukosea, tumechelewa nusu saa, basi. Taarifa ipelekwe mahali pachache panapojulikana: redio za hapa mjini, uongozi wa Stendi Kuu na Kilombero, Zimamoto kwa namba 114, na walimu wakuu. Kwa shule ningeomba zaidi, kwamba ofisi yako itamke wazi kuwa njia ikifungwa mwanafunzi hatahesabiwa mtoro wala kuadhibiwa kwa kuchelewa, kwa sababu hofu ya adhabu huwavusha watoto wa miguu mahali ambapo mtu mzima angesita.

Nauli nayo itazamwe. Njia ikikatika, gari hugeuzia katikati ya safari, abiria hushushwa kwenye mvua na kutakiwa kulipa tena upande wa pili, na bodaboda hutaja bei anayoijua yeye. Mama anayepeleka mboga soko la Kilombero hupoteza faida yote ya siku kwa kivuko kimoja. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ina nauli elekezi za siku za kawaida. Siku ya mafuriko nayo inahitaji utaratibu.

Kuhusu wasafiri, hasara yake ni pana kuliko inavyodhaniwa. Uwanja wa Kilimanjaro uko takribani kilomita 50 kutoka mjini, na uwanja mdogo wa Arusha uko Kisongo, upande wa pili kabisa. Kati ya hoteli nyingi na viwanja hivyo lazima mtu avuke mito na makorongo. Tunayo barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, na tunayo ile ya mchepuko inayozunguka kusini kutoka Usa River hadi Ngaramtoni. Moja ikiziba, nyingine inaweza kutumika, ila hakuna anayetuambia mapema ipi imeziba, na matokeo yake magari yote hukimbilia upande mmoja na kukwama pamoja. Mgeni aliyekosa ndege hununua tiketi nyingine. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, hana tiketi ya kununua. Tena mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na uwanja wetu wa mpira uko Olmoti, upande huu huu wa jiji unaopokea maji. Maelfu ya watu wasiojua korongo ni nini watapita huku.

Nafahamu majibu yanayoweza kutolewa. Kwamba wananchi wamejenga ndani ya mita 60 zinazokatazwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: ni kweli, ingawa wengi waliuziwa viwanja hivyo mbele ya mashahidi na wakaunganishiwa umeme. Kwamba tunatupa taka mitaroni: ni kweli pia, na mtaani kwangu tunalaumiana kila Jumamosi. Hayo yashughulikiwe kwa wakati wake. Hayamzuii mtu kuteremsha bomba la chuma barabarani.

Masika huanza Machi. Ninaomba kikao kimoja kabla ya hapo, kiwakutanishe TANROADS, TARURA, Jiji, halmashauri za Arumeru, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, Polisi, LATRA na wawakilishi wa madereva. Madereva wenzetu wa hiace, bajaji na magari ya utalii wako tayari kutaja kivuko kimoja baada ya kingine, pamoja na saa ambazo maji hufika na mahali ambapo gari kubwa linaweza kugeuza. Tutakuja na orodha hiyo imeandikwa, siku na saa utakayotupangia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Muriet, Arusha